Nilivyotoka kwenye tiba ya kijeshi na kuingia hospitali ya kiraia Virginia

Nilipomaliza mkataba wangu katika Jeshi la Wanamaji la Marekani nilikuwa nimeshona majeraha, nimetundika dripu, nimechanja mabaharia na kuhudumia majeruhi usiku kucha melini, lakini kwa mujibu wa sheria za kiraia sikuruhusiwa kumdunga mtu hata sindano moja. Naeleza hapa jinsi nilivyovuka kikwazo hicho, kwa kuwa nawafahamu vijana wa Kiswahili waliopitia jeshini kama mimi, wengine kutoka Tanga kwetu, wengine Mombasa na Nairobi, ambao wameziacha kazi za tiba kabisa kwa kudhani kwamba mlango umefungwa.

Chanzo cha tatizo ni mfumo wenyewe. Wahudumu wa tiba wa jeshi la nchi kavu, la majini na la anga hufundishwa pamoja Fort Sam Houston, mjini San Antonio, Texas. Wale wa nchi kavu hufanya mtihani wa kitaifa wa huduma za dharura, kwa hiyo hutoka jeshini wakiwa na cheti kinachotambulika uraiani, ilhali wengi wetu wa majini hatukulazimika kuufanya. Isitoshe, leseni za afya Marekani hutolewa na kila jimbo kwa sheria zake, na uzoefu wa jeshini, hata uwe mkubwa namna gani, haugeuki leseni wenyewe. Kliniki ya kwanza niliyoiendea ilinipa nafasi ya kuwasukuma wagonjwa kwenye viti vya magurudumu. Kazi hiyo ina heshima yake, lakini niliona ni hasara kwa wagonjwa wenyewe kwamba mtu aliyefundishwa kwa fedha za umma kuzuia damu isimwagike awekwe mbali na jeraha.

Mwaka 2016 Bunge la Virginia lilipitisha sheria iliyoanzisha mpango maalumu kwa ajili ya watu kama sisi. Unaendeshwa na idara ya jimbo inayoshughulikia wastaafu wa jeshi, kwa kushirikiana na idara inayosimamia taaluma za afya. Sheria inamruhusu mtu aliyetoka karibuni katika huduma za tiba jeshini, mradi hakufukuzwa kwa fedheha, kufanya baadhi ya kazi za kitabibu anazokabidhiwa na daktari mwenye leseni na chini ya usimamizi wake. Masharti mawili ndiyo roho ya sheria hiyo: kazi anazokabidhiwa zilingane na mafunzo na uzoefu wake, na dhamana ya mgonjwa ibaki kwa daktari.

Sharti hilo la pili ndilo lililoamua namna nilivyojiandaa. Daktari anayebeba dhamana kwa niaba yako hawezi kuridhika na maneno ya jumla kwamba ulihudumu vizuri. Nilikusanya hati ya kuachishwa jeshi, inayojulikana kama DD 214, pamoja na nakala rasmi ya mafunzo yanayotambuliwa na vyuo, kisha nikakaa na kuandika orodha ya kila kazi niliyoizoea kwa lugha ya hospitali, si ya kambini. Badala ya kuandika kwamba nilikuwa mhudumu mwandamizi wa zahanati ya meli, niliandika: kuchukua damu kwenye mshipa, kutoa chanjo, kusafisha na kushona majeraha madogo, kufunga gango, kupima moyo kwa mashine. Mbele ya kila kazi nilionyesha ni nani aliyenisimamia na mara ya mwisho niliifanya lini. Wasimamizi wa mpango walinihoji, wakanikutanisha na waajiri, na katika usaili uliozaa ajira daktari aliisoma orodha hiyo mstari kwa mstari, akiuliza, akiweka alama kwenye zile ambazo angependa kwanza kuniona nikizifanya mbele yake.

Mwanzoni mwa kazi alikuja mzee mmoja, mfungua chaza katika mgahawa, aliyeteleza na kisu na kujikata kidole cha shahada upande wa kiganja. Jeraha lilikuwa dogo, la kushonwa kwa muda mfupi tu. Kabla ya sindano ya ganzi nilipima kwanza kama anahisi ncha ya kidole, kisha nikaishika pingili ya kati na kumwomba aikunje ile ya mwisho peke yake. Haikukunjika. Niliacha kila kitu nikamwita daktari, kwa kuwa hiyo ni dalili kwamba huenda kano imekatika, na kano haiungwi na mtu kama mimi, wala haifai kufichwa chini ya ngozi iliyoshonwa vizuri. Daktari alipima tena, akakubaliana nami, akampigia simu mpasuaji wa mikono. Mimi nilimpa mzee chanjo ya pepopunda, nikasafisha jeraha na kukifunga kidole kwa gango. Tangu siku hiyo daktari alianza kunikabidhi kazi zaidi, na naamini alichokithamini kuliko wepesi wa mkono ni kwamba nilijua pa kusimama.

Wazo la sheria hii lina mizizi ya zamani. Mwaka 1965 Daktari Eugene Stead wa Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, aliwachukua watu wanne waliotoka katika tiba ya Jeshi la Wanamaji akaanzisha mafunzo ya daktari msaidizi, yaani mtu anayetibu chini ya daktari, na watatu wao wakahitimu mwaka 1967. Kwetu Tanzania, ambako tabibu mwenye stashahada huona wagonjwa wengi vijijini, jambo hili halishangazi mtu, na labda ndiyo sababu nililielewa upesi.

Hata hivyo mpango huu si leseni. Ni ruhusa ya kufanya kazi wakati unatafuta cheti chako cha kiraia, nami nililichukulia hivyo tangu mwanzo: mchana kliniki, jioni masomo ya sayansi, ada ikilipwa na mafao ya elimu ya wanajeshi yaliyowekwa na sheria ya mwaka 2008. Nalenga kuwa daktari msaidizi, na saa ninazotumia na wagonjwa zinahesabiwa katika maombi ya vyuo vingi vya fani hiyo.

Kwa ndugu anayekaribia kutoka jeshini, ruhusa ya Virginia inaishia mpakani mwa Virginia. Ukihamia jimbo jingine haikufuati. Kwa kuwa mpango unalenga waliotoka karibuni, ulizia idara ya wastaafu ya jimbo unalokusudia kuishi ukiwa bado umevaa sare, na uombe wakubwa wako wasaini orodha ya kazi zako kabla hawajahamishwa.