Nililetwa na Taylor, nikabaki na Claire

Jana mvua ilitufungia ndani mimi na mama, nikaona heri tuitazame The Sandpiper, filamu ya 1965 niliyoiweka kiporo muda mrefu. Elizabeth Taylor na Richard Burton, tena ndoa yao ikiwa bado mbichi, ya 1964! Leso nilikuwa nayo mkononi kabisa.

Sikulia. Nilipiga miayo.

Laura, yaani Taylor, ni mchoraji, anaishi na mwanawe bila mume kwenye nyumba ya ufukweni huko Big Sur, California. Mtoto anaua paa, hakimu anaamuru apelekwe shule ya bweni ya kanisa. Mwalimu mkuu ni Edward, yaani Burton, kasisi mwenye mke wake, na hapo mnajua wenyewe. Ila wanaongea, jamani! Kila busu lina hotuba yake, mara uhuru, mara dhambi, mara ndoa, mpaka mama akauliza, "Hawa wanapendana au wako kwenye mdahalo?" Walioiandika, Dalton Trumbo na Michael Wilson, waliwahi kufungiwa kazi Hollywood kwa sababu ya siasa zao, pengine walikuwa na mengi kifuani. Lakini mngetuachia hata dakika tano za kutazamana tu.

Halafu yule kitwitwi, ndege wa ufukweni aliyeipa filamu jina lake, aliyevunjika bawa, Laura anamuuguza mpaka apone aruke. Fumbo gani hilo ambalo hata mtoto wa chekechea angelifumbua?

Bahari ni nzuri, hilo sibishi. Na wimbo wake, The Shadow of Your Smile, ulipata Oscar kwa haki.

Aliyenikosesha usingizi ni Claire, yule mke, ambaye ni Eva Marie Saint. Hapewi maneno mengi. Mumewe anapokiri, uso wake peke yake unafanya kazi iliyowashinda wale mastaa wawili kwa karibu saa mbili. Nikakaa vizuri kwenye kochi, nikijua sasa ndiyo filamu inaanza. Wapi! Kamera inamkimbilia Laura na mawimbi yake. Mwishoni Edward anaacha shule, anaondoka peke yake, na kituo chake cha mwisho ni ufukweni, kumuaga Laura kwa mbali.

"Na mkewe je?" mama akauliza, tayari kashika vyombo anaelekea jikoni, huku akiimba ule wimbo puani.

Nikachukua rimoti, nikairudisha pale Claire anapoambiwa.