Fitokelatini: kinga ya mmea dhidi ya kadimi
Mmea ulioota kwenye udongo wenye kadimi, metali nzito yenye sumu, hauna pa kukimbilia, na ndiyo maana kemia yake ya ndani hunistaajabisha. Mwaka 1985, Erwin Grill, Ernst-Ludwig Winnacker na Meinhart Zenk wa Ujerumani walieleza kundi la peptidi fupi (minyororo midogo ya asidi amino), fitokelatini, ambazo mmea huziunda kutokana na glutathioni, molekuli ndogo yenye salfa iliyomo ndani ya seli, pale metali nzito inapoingia ndani ya seli. Kimeng'enya kinachoziunda, yaani protini inayoharakisha kazi hiyo ya kikemia, huwa tayari kimo ndani ya seli, na ioni za kadimi zenyewe ndizo zinazokiamsha, kwa hiyo sumu huchochea utengenezaji wa kile kitakachoifunga. Salfa iliyomo katika peptidi hizo huishika kadimi kwa nguvu, kisha vyote viwili husukumwa hadi kwenye vakuoli, kifuko cha kuhifadhia ndani ya seli, mbali na vimeng'enya ambavyo metali hiyo ingevivuruga. Kinga hiyo ina gharama, kwani glutathioni hiyohiyo huhitajika kupambana na oksijeni haribifu inayoongezeka kutokana na kadimi. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mlaji: mpunga unaostahimili kadimi unaweza kustawi vizuri shambani huku metali ikifika kwenye punje, hivyo ukijani wa majani hautoshi kuthibitisha usalama, udongo na mchele wenyewe sharti vipimwe maabara.