Kumbukumbu ya mradi: kuifufua gemu ya mjomba

Jumamosi ya kwanza

Kifurushi kimefika na basi la Tanga, kimetiwa kwenye kiroba cha unga na kufungwa kamba ya katani mizunguko sita. Dada hajui kufunga mzigo kidogo. Tangu mwaka jana namwomba aipandie dari ya nyumba ya mama aitafute ile gemu ya TV, naye kila mara ananijibu kwamba huko juu kuna panya na yeye hana ugomvi nao. Mwishowe kamtuma mwanawe.

Nilichokikuta: mashine yenyewe, iliyokuwa nyeupe na sasa ina rangi ya chai ya maziwa. Pedi mbili, moja waya wake umetafunwa. Bastola. Kaseti mbili, ya njano na nyeusi. Adapta hamna, waya wa antena hamna.

Mjomba aliileta kutoka Muscat mwaka 1996, alipokuja likizo. Ukiitazama utasema ni Famicom, ile mashine ya gemu ambayo kampuni ya Nintendo waliitoa Japani Julai 1983, lakini siyo. Ni nakala, moja ya zile nakala nyingi zilizoenea duniani bila Nintendo kuulizwa. Sisi hata hilo jina Nintendo hatukuwa tumelisikia. Ilikuwa "gemu ya mjomba", na mtaani palikuwa na foleni.

Sasa, simu yangu inaweza kucheza gemu zote zile na chaji ikabaki. Najua. Na simu ndiyo iliyoniingiza kwenye mradi huu. Mwaka jana nilipakua programu inayoigiza Famicom, nikafungua Mario, nikashangaa: ana haraka. Muziki unakimbia kama unadaiwa. Nilikufa kwenye shimo ambalo nikiwa na miaka tisa nilikuwa naliruka huku nakula embe. Nikasema labda ni uzee wa vidole. Lakini masikio nayo yazeeke hivyo? Nataka kuisikia tena mashine yenyewe ndipo niamue.

Jumapili

Nimeifungua. Skrubu tano, mbili zimeliwa na kutu ya Tanga mpaka nikazitoboa. Ndani kuna utupu mwingi kuliko vitu. Kwenye Famicom halisi ungeona chipu kadhaa: ya Ricoh inayoendesha kila kitu, mtoto wa ile chipu ya 6502 ya miaka ya 70, kisha ya picha, na kila mojawapo na kumbukumbu yake ya KB 2. Ndiyo, KB 2. Picha moja ya WhatsApp ingezijaza mara kadhaa. Humu kwetu vyote vimekusanywa mahali pamoja na kumwagiwa tone jeusi la gundi, gumu kama lami. Tone likifa, mradi umekufa, maana hakuna fundi wa kulifungua.

Nimekuta pia mayai matatu ya mjusi. Matupu.

Tundu la kaseti lina pini 60 na nyingi zilikuwa na ukijani. Nimezisugua kwa mswaki na spiriti, kaseti zenyewe nimezifuta kwa raba ya penseli kisha spiriti. Hapa nitubu hadharani: ule mtindo wetu wa kuipuliza kaseti kabla ya kuichomeka haukuwa dawa. Kilichosaidia ni kuichomoa na kuichomeka upya, pini zikakaa vizuri. Pumzi ilikuwa inapeleka unyevu tu, na ukijani niliousugua leo naamini sehemu yake ni mate yetu.

Jumatano

Umeme. Nimepata adapta ya volti 9 Kariakoo na nikataka kuichomeka papo hapo dukani. Bahati nikageuza mashine na kusoma kile kimchoro cha chini: hasi iko katikati ya plagi, chanya nje. Adapta karibu zote za dukani ni kinyume chake. Nimekata waya, nimegeuza, nimefunga utepe. Nikawasha. Kimya.

Testa imeonyesha volti zinaingia kwenye 7805 na upande wa pili hakitoki kitu. 7805 ni kile kipande chenye miguu mitatu kinachoshusha umeme hadi volti 5. Kilishakufa, pengine siku ile ya 1999 mjomba mwingine alipochomeka adapta ya redio (hatukumwambia mtu). Nimeweka kipya, na kapasita kubwa ya pembeni yake iliyokuwa imevimba kichwa nimeibadilisha pia. Nikawasha tena, taa nyekundu ikawaka.

Nilikaa naitazama hiyo taa peke yake kwa muda, bila TV.

Jumamosi ya pili

Nimekwenda kutafuta TV ya chogo. Tangu Dar izimiwe mitambo ya analojia mwisho wa Desemba 2012, watu wakahamia kwenye ving'amuzi kisha kwenye skrini bapa, chogo zimekuwa za kuwekea maua. Nimezunguka mpaka kwa mzee mmoja fundi, Temeke, ambaye duka lake ni ukuta wa chogo hadi darini.

"Shikamoo mzee. Natafuta chogo, inchi 14, inayoshika picha."

"Marahaba. Ya kufanyia nini?"

"Gemu."

"Gemu si mnachezea kwenye simu?"

Nikamwonyesha bastola. Akaicheka, kisha akaishika, akalenga mlango, akasema, "Hii kwenye bapa haifanyi." Mzee anajua.

Sababu ni hii. Ukibonyeza kifyatulio kwenye gemu ya kuwinda bata, gemu inaifanya skrini nzima iwe nyeusi kwa picha moja, halafu picha inayofuata inachora mraba mweupe pale bata alipo. Ndani ya mtutu kuna kijicho cha kupokea mwanga. Kikiona giza na mara moja mwanga, umempiga. Chogo huchora picha pale pale ishara inapofika. Bapa huipokea, huifikiria, huipanua, ndipo huionyesha. Muda huo gemu imeshakata shauri kwamba umekosa. Na ile hila yetu ya kuilenga bastola kwenye balbu ili kila risasi ipate? Haikuwahi kufanya kazi na sasa najua kwa nini: giza linaulizwa kwanza, na balbu haina giza.

Nimepewa chogo na rimoti isiyo yake. Nyumbani nimetafuta chaneli kwa mkono, chenga, chenga, chenga, kisha menyu ikatokea na ule muziki wake. Mke wangu kauliza kama ni king'ora cha gari.

Kaseti ya njano imeandikwa "9999 in 1". Tulikuwa tunaapa kwamba hakuna aliyewahi kuzimaliza. Leo nimekaa na daftari. Nimepata gemu kumi na moja. Zilizobaki ni zile zile kwa majina mengine: Mario wa kuanzia hatua ya pili, Mario wa kuanzia usiku, Tank ya hatua ya kumi. Hiyo Tank, ambayo jina lake halali ni Battle City, ya Namco ya 1985, ina hatua 35 na pia sehemu ya kujijengea uwanja mwenyewe kwa matofali, na hiyo ndiyo tuliyoicheza kuliko hatua zenyewe. Contra iko kwenye kaseti nyeusi, peke yake, kwa heshima.

Jumatatu usiku

Nimerudi kwenye swali langu. Nimemfungulia Mario kwenye mashine, na ndiye. Taratibu, mzito kidogo, muziki unatembea kama mtu mwenye kanzu. Nikamwita mpwa wangu anayekaa nasi asikilize simu na mashine kwa zamu. Akasema, "Mjomba, yako ni mbovu."

Maneno hayo yamenikaa. Na kweli inawezekana: kapasita zimechoka, kitu kinavuta umeme, mashine inajikokota. Nimebadilisha kapasita mbili zilizobaki. Mwendo ule ule.

Jumanne

Jaribio. Mario anapoanza hatua ya kwanza anapewa saa ya 400 inayopungua. Ukimwacha amesimama pale alipozaliwa hakuna adui anayemfikia, kwa hiyo saa inaisha yenyewe na anakufa kwa kusubiri. Nimeweka saa ya mkono na kumwua hivyo mara tatu kila upande, mpwa wangu akiwa shahidi.

Simu: dakika 2 na sekunde 40.
Mashine: dakika 3 na sekunde 12.

Mara zote tatu, tofauti isiyofika sekunde moja. Kitu kibovu hakiwi na nidhamu hivyo. Nikagawanya 160 kwa 192, nikapata 5 kwa 6. Hamsini kwa sitini.

Nikafungua tena kifuniko na kusoma kile kijikopo cha fedha kinachopiga mapigo ya mashine. Kimeandikwa 26.601, yaani mapigo milioni 26.6 kwa sekunde. Cha Famicom ya Japani ni 21.477.

Basi ndiyo hivyo. Japani TV zao zilikuwa za kubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, na gemu zikatungwa kwa hesabu hiyo: kila picha moja, Mario anasogea kiasi fulani, saa inapungua kila baada ya picha 24. TV za Muscat, kama zetu, zilikuwa za mfumo wa PAL, picha 50. Waliotengeneza nakala wakaibuni upya chipu ili gemu za Japani zikubali kwenye TV zetu. Kila baada ya kuchora picha, mashine inapumzika mistari kadhaa ya ziada, kisha inaendelea. Kila kitu kinakwenda sehemu tano badala ya sita.

Kilichonifurahisha zaidi ni sauti. Mapigo ya kijikopo yakishagawanywa, moyo wa nakala unapiga mara milioni 1.77 kwa sekunde, wa Famicom milioni 1.79, tofauti ya asilimia moja hivi. Noti zinatoka karibu ile ile, sikio haligundui. Ila nafasi kati ya noti imepanuka. Ndiyo maana haisikiki kama kanda iliyolegea betri. Inasikika kama wimbo ule ule unaoimbwa na mtu asiye na haraka.

Nimemweleza mpwa wangu yote haya kwa karatasi. Kasema, "Kwa hiyo ya kwenu ndiyo feki." Nikamwambia ndiyo. Kisha nikaenda kuifunga mashine na zile skrubu tatu, na kile kijikopo nimekiacha kama kilivyo. Kuna watu huko nje wanaozibadilisha mashine zao ziende 60. Wafanye. Mimi Mario wangu ana dakika 3 na sekunde 12.

Wiki ya tatu, kwa kifupi

Weupe: nimejaribu peroksaidi ya saluni ya asilimia 12, ile ya krimu. Nimeipaka kwenye kifuniko, nikakizungushia nailoni, nikakianika juani kwa muda wa saa nne. Upande mmoja umekuwa mweupe kabisa, upande ambao nailoni ilijikunja una michirizi kama pundamilia. Sirudii. Chai ya maziwa ilikuwa na staha yake.

Pedi: waya uliotafunwa nimeuunga. Vitufe A na B vilikuwa havishiki kwa sababu zile raba nyeusi za chini zimepoteza kaboni. Nimezisugua kwa penseli laini, zimerudi. Sijui kwa muda gani.

Jumapili ya nne

Dada amekuja Dar kwa harusi. Sikumwambia kitu, nimeacha chogo sebuleni imewaka kwenye menyu ya Contra na pedi mbili juu ya mkeka. Kaingia na mizigo yake, kaitazama, kasema, "Hii si ilikuwa imekufa?" kisha kakaa chini na gauni lake la harusi.

Nilimpa pedi ya kwanza. Akaipita, akachukua ya pili. Pedi ya pili haina Start wala Select. Miaka ile yote alikuwa na hiyo, kwa sababu mimi ndiye mkubwa na sheria nilizitunga mimi. Hakuweza kuisimamisha gemu hata akibanwa haja, ilibidi aniombe.

Ile siri ya kuanzia: juu juu, chini chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Vidole vilikumbuka kabla yangu, tukapata roho 30 kila mmoja. Alizimaliza za kwake kwenye maporomoko ya maji, palepale alipokuwa anazimalizia zamani, maana mimi hupanda haraka na skrini ikipanda humwacha chini.

"Ningoje," akasema. "Siku zote hungoji."

Tumeanza upya nikiwa namngoja. Simu yake ililia katikati ya hatua ya pili, akanigeukia na pedi mkononi. "Kaka, simamisha."

Bastola bado. Kifyatulio kinabonyea ila springi yake haikirudishi. Nitaitafutia springi ya kalamu.