Maji ya Wageni wa Heshima

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Yakobo 2:1-9, na nimelisoma nikiwa na filamu moja ya Kifaransa kichwani: Mon Oncle, yaani Mjomba Wangu, ya Jacques Tati. Ilitoka mwaka 1958, ikapata na tuzo ya Oscar. Inachekesha kweli, ila mimi ilinichoma.

Bwana Arpel ni mkurugenzi wa kiwanda cha mabomba ya plastiki. Nyumba yake ni ya kisasa kupindukia, jikoni ni vitufe vitupu. Bustanini amesimama samaki wa chuma anayerusha maji juu kwa mdomo. Kengele ya geti ikilia, mkewe hukimbilia swichi kwanza ili samaki aanze kutoa maji, ndipo amkaribishe mgeni. Akiona aliyeingia ni mleta mizigo tu, au ni Hulot, kaka yake asiye na kazi, anazima. Maji yale yana wenyewe.

Mama huyu si mtu mbaya. Anaipenda familia yake, na kutwa anafuta vumbi hata pasipo na vumbi. Lakini macho yake yamezoea kupima watu. Siku moja jirani anakuja amejitanda vazi pana la mistari, na yeye, akidhani ni muuza mazulia, anamfukuza. Waebrania 13:2 inasema wengine wamewakaribisha malaika pasipo kujua. Hapa hata malaika hakuhitajika. Jirani wa ukuta mmoja hakutambuliwa.

Yakobo aliyaona hayo katika kusanyiko la waamini: mwenye pete ya dhahabu anapewa mahali pazuri, maskini anaambiwa asimame kule. Kwetu nako mheshimiwa akija ibadani kuna kiti cha mbele na maji ya chupa. Mama muuza mchicha akiingia na mtoto mgongoni, anaonyeshwa benchi la nyuma kwa kidole. Yakobo haliiti jambo hili kosa la adabu. Katika mstari wa 9 anaiita dhambi.

Mtoto wa kina Arpel, Gérard, hana alichokosa nyumbani, ila furaha yake iko kwa mjomba Hulot, mtaa wa zamani, juu ya ngazi za kuzungukazunguka. Hulot akifungua dirisha, kioo hurudisha jua hadi kwa kanari wa jirani, naye ndege anaimba. Basi Hulot hulisogeza taratibu mpaka mwanga umfikie. Mtu asiye na mshahara anapata nafasi ya kumjali ndege! Mtoto hadanganyiki, anajua anapopokelewa.

Wahudumu wa mlangoni, nawaomba Jumapili hii msalimieni kila mtu kwa mkono, mkimtazama usoni. Na sote nyumbani tumwombee, kwa jina lake, yule ambaye tukisikia sauti yake getini huwa tunamtuma mtoto akamwambie hatupo.