Wifi na neno la shoka

Harusi ya mwanangu Baraka imepita salama, uhamisho wangu umetoka Jumatatu, na mimi bado nalala na kuamka na maneno ya wifi.

Somo lilisomwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni wa upande wa bibi harusi: Mwanzo 2:24, kutoka Biblia ya King James ya mwaka 1611. Mwanamume atamwacha baba yake na mama yake, kisha ata-"cleave" kwa mkewe. Wifi akaniinamia sikioni: "Hilo si neno la kupasulia kuni?" Nikamjibu, "Hapana wifi, ni kuambatana." Akasema, "Kwao kuambatana. Kwako wewe ni shoka."

Kwako wewe ni shoka! Nimesugua masufuria ya kukodi nayasikia. Nimehesabu viti vya kurudisha nayasikia. Kwa nini aniambie vile, siku ile, pale kanisani?

Jana usiku nikafungua kamusi. Kumbe ni maneno mawili. Kiingereza cha kale kilikuwa na "clēofan", kupasua, na "clifian", kuganda, kila moja na ukoo wake. Matamshi yakasogeleana karne kwa karne mpaka yakafanana kabisa. Ukoo wa kupasua ndio wenye "cleaver", kile kisu kipana cha buchani. Ukoo wa kuganda ndio wenye "clay", udongo wa mfinyanzi, na Wajerumani mpaka leo wakibandika kitu husema "kleben". Kwenye aya ile hamna shoka.

Nikazidi kulifuata. Ruthu 1:14: Orpa akambusu mkwewe, "but Ruth clave unto her". Kwetu imeandikwa Ruthu akaambatana naye. Naye nani? Mama mkwe! Kiebrania nacho kina kitenzi kilekile pote pawili, "davak", na gundi wanaiita "devek". Nilisoma aya ile kwa sauti peke yangu sebuleni, machozi yananitoka. Jumapili wifi nitamsomea.

Asubuhi hii mkwe wangu amepiga: "Mama, mdalasini wa pilau unautia kabla ya nyama au baada?" Tukaongea mpaka salio lake likakata. Nikampigia mimi.

Ila Baba. Nimefungua droo yake nikakuta kopo la dawa za presha tupu, na ukimuuliza anasema ameshakunywa. Sijui ni tangu lini.