Tulipogeuka Kijitoni, Sipi

Binti yangu alikuwa na miaka mitano nilipompeleka Sipi, wilaya ya Kapchorwa nchini Uganda, ili auone mto ukiporomoka mita 100 hivi kutoka kwenye jabali la Mlima Elgon. Tulikuwa wawili tu.

Watu wakimwona mama milimani na mtoto, huhofia mtoto asije akaanguka. Mimi nilihofia nisianguke mimi. Yeye akiteguka mguu nitambeba. Nikiteguka mimi, nani atanibeba? Kwa hiyo nilimweleza mama mwenye nyumba tuliyolala njia tutakayopita, nikamwomba atume vijana ikifika saa kumi hajatuona wala hajasikia sauti yangu. Binti nikamvalisha filimbi shingoni.

"Mama akianguka asiamke, utafanya nini?"

"Nitakaa hapo hapo. Nitapiga mara tatu, nisikilize, nipige tena."

"Utakwenda kumtafuta mtu?"

"Siendi popote."

Wapo wanaosema maneno hayo yanamtia mtoto hofu. Siamini. Hofu humpata asiyejua la kufanya.

Tulitoka asubuhi, maana mvua ya Elgon hupenda kunyesha mchana. Njia ilipita katikati ya kahawa na migomba, yenye utelezi. Penye mteremko mkali nilitembea upande wa bonde, yeye upande wa mlima, ili akiteleza anikute mimi kwanza. Mgongoni sikumbeba mahali pa kushuka; leso ilikuwa ya kupandia.

Mbele kidogo kulikuwa na kijito cha kuvuka kwa kukanyaga mawe. Jua lilituwakia, lakini juu mlimani wingu lilikuwa jeusi tii. Maji hayakufika hata magotini, ila yalikuwa ya kahawia na yalibeba majani mabichi. Huko juu mvua ilikuwa imeshaanza, na mvua ya juu hushukia bondeni hata kama wewe hujaguswa na tone. Tungeweza kuvuka. Kurudi je?

"Tunarudi, mwanangu."

Alilia kwa uchungu, kwa sababu ngurumo ya maporomoko ilikuwa inasikika kabisa. Niliuelewa uchungu wake, na sikubadili neno. Nikamfunga mgongoni tukapanda.

Mvua ilitukuta kwenye mashamba. Mzee mmoja aliyekuwa akianua kahawa yake alituita: "Mama, ingieni haraka!" Kabla sijakaa nilimvua binti nguo zote mbichi, nikamvika sweta kavu niliyoifunga ndani ya mfuko wa nailoni. Sipi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwili mdogo hupoteza joto upesi mno.

"Mmevuka kile kijito?" mzee akauliza.

"Hapana, mzee. Tumegeukia pale pale."

"Vizuri sana. Kikijaa, hata sisi wenyeji tunasubiri."

Akampa binti hindi la kuchoma. Nami nikampigia simu mama mwenye nyumba, nikamwambia tuko kwa nani, asitume vijana.