Sumaku na kitunguu saumu
Jana jioni nilibandua sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa, nikaisugua kwa punje ya kitunguu saumu mpaka vidole vikanuka, kisha nikaisogeza karibu na misumari midogo. Misumari ikaidaka papo hapo. Nilitaka kujionea mwenyewe, maana Plutarch, Mgiriki aliyezaliwa karne ya 1, na baadaye Ptolemy wa Alexandria nchini Misri, waliandika kwamba sumaku iliyopakwa kitunguu saumu haivuti chuma. Hawakuwa wajinga hata kidogo; hesabu za Ptolemy kuhusu mwendo wa sayari zilitegemewa kwa zaidi ya miaka 1,000. Kwa wengi wa zama zao, vitu vya asili vilipendana na kuchukiana kwa nguvu zilizofichika, na aliyezijua nguvu hizo ndiye aliyeweza kutibu, kulinda au kuroga. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle anasimulia kwamba Thales wa Miletus, mwanafalsafa aliyemtangulia, katika karne ya 6 kabla ya Kristo, alilihesabu jiwe la sumaku kuwa na roho kwa sababu linasogeza chuma. Nilipohisi msumari ukivutika katikati ya vidole vyangu, huku sumaku haijaugusa, nilimwelewa Thales kabisa.